Sahau Mtandao Huu

Mstari mmoja kati ya mitano.
Hapo ndipo nilipoanzia, saa nane usiku,
Dundee, usiku wangu wa mapumziko, chumba cha kukodi
chenye kuta za mawe nene kama urefu wa mkono wangu,
fomu ya zamu za Machi ikizunguka, ikizunguka,
kiduara kile cha buluu
kama mtu anayetafuta miwani huku ameivaa.

Nikafanya afanyayo kila asiyejua:
nikaizima, nikaiwasha.
Nikachomoa ruta ukutani, nikahesabu hadi thelathini
kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, nisije nikaipunja.
Nikaibeba kompyuta kifuani kama mtoto mwenye homa,
kitandani hadi jikoni, jikoni hadi msalani,
nikaiinua juu ya friji.
Taa za ruta zote kijani.
Ruta nzima, haina kasoro,
hatua mbili kutoka nilipo, inanitazama.

Kulipokucha nikapiga simu kwenye kampuni.
Muziki wa kusubiri, dakika arobaini,
kisha msichana aitwaye Eilidh, sauti ya mafua:
Soma jina la mtandao uliounganishwa.
Sikumwelewa. Akarudia polepole:
Jina. Lililo juu kabisa. Limeandikwaje?

Limeandikwa: PAKA HANA NENOSIRI.

Nikakaa chini.

Jina hilo alilitunga Mishi akiwa na miaka sita,
siku tuliyohamia pale ng'ambo, namba hamsini na tisa,
mimi, yeye, mama yake,
na paka wa jirani aliyeingia bila hodi.
Nenosiri ni tarehe aliyong'oka jino la kwanza.

Miezi mitano sasa nalala upande huu wa Mtaa wa Albert.
Nimehamisha koti, sufuria moja, kitanda cha kukunja.
Nimebadilisha anwani benki, kwa daktari,
na kiwandani ninakokanda mikate ya watu wanaolala.
Kompyuta sikuiambia.
Kila nilipoifunua ilivuka barabara peke yake,
juu ya vichwa vya abiria kituoni,
ikapenya dirisha la sebule ile,
ikang'ang'ania mstari mmoja, uzi wa buibui,
na kwa kiburi ikatangaza: Imeunganishwa.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, najua.
Lakini hii haikutaka kuua nyoka.
Ilitaka kushikwa tu.

Bonyeza jina hilo, akasema Eilidh. Chagua Sahau.
Nikamuuliza: ikisahau, inasahau yote?
Nikamsikia akipiga funda la kitu cha moto.
Yote. Ukiutaka tena, utaandika nenosiri mwenyewe.
Nikamwambia mikono yangu ina unga.
Haikuwa na unga.
Akasubiri. Hakuniwekea muziki.

Nikabonyeza.

Mistari mitano ikajaa kwa pumzi moja.
Fomu ikafunguka, na zamu zimekwisha gawanywa,
wenzangu wameamka mapema, wana waifai tiifu.
Imebaki Jumapili tu.
Jumapili siuzi. Jumapili ni ya Mishi,
saa nne hadi saa kumi, na ikinyesha tunaenda kuogelea.
Eilidh akauliza kama kuna lingine la kunisaidia.
Nikasema hapana, nikamshukuru mara mbili,
ya pili akiwa ameshakata.

Kwenye orodha, chini ya mitandao ya majirani,
chini ya printa ya mtu nisiyemjua,
jina lile bado lipo, na kufuli dogo la kijivu.
Mstari mmoja. Saa nyingine hakuna.
Sikuligusa. Vidole vinaijua tarehe,
nikaviweka chini ya mapaja.

Ng'ambo, taa ya chumba cha nyuma ikawaka,
ikazimwa, ikawaka tena.
Saa mbili na robo.
Naijua saa hiyo: ni ya kutafuta soksi.